Batiki Iliyokaa Mbele ya Spika

Ukipata picha za rangi za Grateful Dead, bendi ya rok ya Marekani, wakiwa ziarani Ulaya mwaka 1972, usimtazame mpiga gitaa wao Jerry Garcia kwanza. Tazama mgongoni kwake. Bendi nyingi za wakati ule zilipanga nyuma yao masanduku ya spika yaliyofunikwa kitambaa cheusi au cha kijivu, kama yalivyotoka dukani. Ya hawa jamaa wa California yalivaa batiki: miduara ya rangi inayofumuka kutoka katikati, kila mmoja na sura yake, imebanwa mbele ya spika.

Mimi ni mtu wa batiki. Wateja wangu wengi wanataka sare za harusi na za vikoba, na kucha zangu zina buluu ambayo hata ndimu imeshindwa kuitoa. Kwa hiyo nilipokutana na kisa hiki, swali langu la kwanza halikuwa la muziki. Kitambaa kilichopigwa stepla kwenye ubao, kikapakiwa kwenye malori, kikala moshi wa sigara na joto la taa za jukwaani usiku baada ya usiku, kimefikaje mahali pa kutafutwa na wakusanyaji na kutunzwa gizani kama msahafu wa kale?

Tuelewane kwanza kwenye jina. Sisi tukisema batiki tunachanganya yote mawili, ya nta na ya kufunga. Hii ninayoizungumzia ni ya kufunga tu: hakuna mshumaa, ni uzi, mikunjo na rangi. Ufundi wenyewe ni wa zamani kuliko mahipi kwa karne nyingi. Gujarat na Rajasthan wanauita bandhani, Wajapani shibori, Wayoruba wana adire yao, na ukitazama vidoto vya kisutu utaona undugu na bandhani bila kuelekezwa. Wamarekani waliuchukua, wakaupaka rangi kali, wakaufanya sare ya kizazi kizima. Kuna hata mkono wa biashara hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Don Price, mtu wa masoko wa rangi za nyumbani za Rit, alizunguka Greenwich Village, New York, akitafuta wasanii wa kuchovya fulana, na fulana hizo zikapelekwa tamasha la Woodstock, Agosti 1969. Kwenye jukwaa la tamasha hilo mwanamuziki John Sebastian alipanda amevaa batiki aliyoifunga kwa mikono yake.

Hizo zilikuwa nguo za mwilini. Kilichofuata ni kuvika vyombo.

Aliyepewa kazi hiyo ni Courtenay Pollock, Mwingereza aliyekuwa amehamia Marekani na kujitosa katika ufundi huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika California, akakutana na Grateful Dead, nao wakampa kazi ya kufunika spika zao. Ilikuwa oda ya kazi, haikuwa oda ya picha ya ukutani, na nadhani hapo ndipo wengi wanaoandika juu ya vitambaa hivi hupotea. Wanavisimulia kama michoro iliyobahatika kufika jukwaani. Ukweli ni kwamba vilianza kama vifuniko, na bendi iliyovihitaji ilikuwa na wazimu wa sauti.

Wazimu huo si maneno yangu ya kupamba. Grateful Dead, walioanza mwaka 1965 huko Palo Alto, walikuwa na fundi mitambo wao wenyewe, Owsley Stanley, na mwaka 1969 yeye na Ron Wickersham walikuwa miongoni mwa walioanzisha Alembic, karakana ya kuboresha magitaa, maikrofoni na spika za bendi hiyo. Watu wa namna hiyo huwezi kuwawekea kitambaa chochote mbele ya spika kwa sababu tu kinapendeza. Kikiziba, wangekichana siku hiyohiyo.

Hapa niseme jambo nililolisikia kwa masikio yangu. Kwaya moja ya mtaani kwetu iliwahi kuamua kuandika jina lake kwenye vitambaa vya spika zake. Kijana mmoja mwenye mkono mzuri akachukua rangi ya maji ya ukutani na brashi, akaandika herufi kubwa nyeupe, akazipigia kivuli cha buluu. Zilipendeza kweli. Jumapili iliyofuata besi ilikuwa palepale, lakini matoazi yalisikika kama mtu anayeongea huku ameweka kiganja mdomoni. Mwalimu wa kwaya alishinda kwenye mixer akipandisha sauti za juu, mpaka maikrofoni zikaanza kupiga mluzi. Hakuna aliyekishuku kitambaa mpaka kilipovuliwa kufuliwa.

Sababu yake ni nyepesi. Kitambaa cha spika kinafanya kazi kwa matundu yake. Sauti nzito hupita hata ukutani, ndiyo maana muziki wa baa ya jirani hukufikia kama ngoma tupu, lakini sauti kali za juu huzuiwa na kitu kidogo tu. Rangi ya kupaka hukaa juu ya nyuzi na kuunganisha uzi na uzi, tundu likafungwa. Rangi ya kuchovya huingia ndani ya uzi wenyewe, na ikishasuuzwa tundu linabaki wazi kama lilivyokuwa. Ukitaka picha kubwa yenye rangi kali mbele ya spika, na fundi mitambo asikufukuze, njia unayobaki nayo ni ya kuchovya. Ukishafika kwenye kuchovya, kufunga kunakuja kwenyewe, maana nta nayo isipotoka yote kwenye maji ya moto huacha ngozi ileile unayoikimbia.

Wachovyaji wa kizazi cha Pollock walikuwa na rangi za aina mbili kubwa za kuchagua. Zile za dukani kama Rit zilihitaji maji ya moto na zilipauka upesi. Halafu kulikuwa na rangi mpya za familia ya Procion, zilizoingizwa sokoni na kampuni ya Uingereza ya ICI mwaka 1956, ambazo hushikana na pamba kikemia, tena kwa maji ya baridi. Kinachoziamsha ni magadi. Ndiyo, magadi, soda ash ileile ambayo Ziwa Magadi la Kenya limekuwa likichimbwa kwa zaidi ya miaka 100. Huku kwetu wengi bado tunapika: maji ya moto, kemikali za kostiki na haidro, glavu mpaka kwenye kiwiko na kikohozi cha jioni. Yule wa Procion anamimina rangi kwa chupa kama mtu anayetia tomato kwenye chipsi. Kwa kazi ya miduara tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu unaweza kuweka rangi sita kwenye furushi moja bila kulizamisha popote.

Mduara wenyewe hufungwa hivi. Chukua kitambaa cha pamba cha mraba, kilichofuliwa mpaka wanga wa kiwandani umetoka. Kikunje nusu, kisha nusu tena. Una matabaka manne. Kona ambayo ni katikati ya kitambaa ishike kwa kidole gumba, halafu kunja kwa mshazari kuanzia hapo, mara moja, mara mbili. Sasa mkononi una pembe kali ya matabaka kumi na sita, inafanana na kipande cha pizza. Laza kingo ziende sawa. Mkunjo ukipinda hata unene wa kiberiti, utauona ukishakifungua. Funga uzi karibu na ncha, kaza mpaka ukate ngozi ya kidole, ruka sentimita chache, funga tena. Kila uzi utakuwa duara. Kila mkunjo utakuwa mionzi. Mimina njano kwenye ncha, machungwa kwenye chumba kinachofuata, nyekundu, zambarau, na uache uzi uzuie visikutane kupita kiasi. Geuza furushi, rudia upande wa pili. Lifunike kwa mfuko wa nailoni, lilale mpaka kesho.

Asubuhi ndipo utajua ulikosea wapi. Matabaka ya nje yamekunywa sana na ya ndani yamebaki na kiu, kwa hiyo mionzi miwili kati ya kumi na sita itakuwa hafifu. Mahali uzi ulipolegea, nyekundu itakuwa imevuja ndani ya njano ikaacha kitu kama ulimi. Mteja wa sare hukataa kasoro hizo. Kwenye kisa hiki, kasoro hizo ndizo hati miliki, na nitarudi hapo.

Ziara ya Ulaya ilianza London tarehe 7 Aprili 1972 na kuishia London tarehe 26 Mei, maonyesho 22. Copenhagen na Bremen kamera za televisheni zilikuwepo. Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Agosti, bendi ilipiga Veneta, Oregon, kwenye uwanja wa wazi, siku ya joto kali hadi magitaa yakawa yanapoteza tyuni, na huko pia walipigwa filamu. Mtu wa batiki akisikia hivyo anafikiria jua. Saa chache za jua la Agosti usoni zinaweza kukifanyia kitambaa kile ambacho kumbi za ndani zingechukua msimu mzima kukifanya.

Halafu kazi ikaisha. Tarehe 23 Machi 1974, katika ukumbi wa Cow Palace karibu na San Francisco, Grateful Dead walizindua mtambo uliokuja kuitwa Ukuta wa Sauti: spika karibu 600 zilizopangwa nyuma ya bendi kwenda juu kama jengo, uzito wa tani 75 hivi pamoja na jukwaa lake. Picha nyingi za mtambo huo zinaonyesha koni tupu, zile sahani za spika zinazotetemeka, safu kwa safu. Kwa macho ya jukwaani spika zenyewe sasa ndizo zilikuwa pambo. Gharama ya kuuhamisha mnyama huyo ilichangia bendi kusimamisha ziara Oktoba mwaka huohuo, na mtambo ukagawanyika. Kitu cha kazi kikimaliza kazi huenda kwa aliyekuwa karibu: mbeba mizigo, fundi, rafiki wa fundi. Kingine huwa tambara la kufutia mafuta. Sina shaka kwamba sehemu kubwa ya vifuniko vya majukwaa ya miaka ile iliishia huko, kwa sababu najua kwangu mabaki huishia wapi.

Mkusanyaji anaingia hapo. Oktoba 2021 nyumba ya mnada ya Sotheby's iliuza mali za Grateful Dead na watu wao, nyingi zikitoka kwa waliokuwa wafanyakazi wa jukwaani. Amplifaya moja ya McIntosh MC2300 ambayo Garcia aliitumia kwenye Ukuta wa Sauti iliuzwa dola 378,000. Iliitwa Budman, kwa sababu ya stika ya kikaragosi cha tangazo la bia iliyobandikwa juu yake. Hiyo ni bei ya chuma, si ya kitambaa, lakini inaonyesha wanunuzi hulipia nini. Amplifaya ya aina hiyohiyo isiyopanda jukwaa lile utaipata kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Na fikiria kama kuna mtu mwaka 1985 angeibandua stika ile kwa kisu ili amplifaya ionekane mpya.

Sasa tuseme umeletewa kitambaa. Mwenye nacho anasema kilikuwa mbele ya spika ya Grateful Dead mwaka 1972. Utamwaminije?

Karatasi za umiliki zinasaidia, ila karatasi huandikwa. Simulizi husaidia kidogo kuliko hata hizo, maana kila familia ina mjomba aliyewahi kubeba spika za mtu maarufu. Faida kubwa ya batiki ya kufunga ni kwamba haiwezi kurudiwa. Kanga ikitoka kiwandani zinatoka elfu moja sawasawa. Batiki ya kufunga, hata ukimpa fundi yuleyule kitambaa kilekile na rangi ileile, ulimi wa nyekundu hautavuja mahali palepale mara ya pili. Kwa hiyo zile kasoro ni alama ya kidole. Ukiwa na picha moja safi ya jukwaani inayoonyesha sanduku lile, unahesabu mionzi, unatafuta ule hafifu, unatafuta uvujaji, na ukipata alama nne au tano zinazokaa mahali pake, mjadala umekwisha. Gitaa la kiwandani halikupi ushahidi wa namna hiyo mpaka lipate mkwaruzo.

Ila usilinganishe rangi. Hili naliona likiwapoteza watu wenye akili zao. Filamu za wakati ule zilikuwa na rangi zao, taa za jukwaani zilikuwa nyekundu na buluu, na chapa zenyewe zimepauka kwa miaka 50 kama kitambaa kilivyopauka. Zambarau ya mwaka 1972 kwenye picha inaweza kuwa buluu mkononi mwako. Linganisha umbo, mahali, idadi.

Picha isipokuwepo, kitambaa kina ushahidi mwingine, na wote uko kwenye uchafu. Kwenye mstari wa stepla tafuta kutu iliyoingia kwenye pamba. Matundu mapya yasiyo na kutu ni stori ya juzi. Tazama upande wa nyuma. Spika husukuma na kuvuta hewa, na hewa ya ukumbi wa rok ilikuwa na moshi wa kutosha, kwa hiyo kitambaa huchuja. Vumbi huelekea kukaa zaidi mkabala na koni na kuacha vivuli vya duara ambavyo havina uhusiano wowote na miduara ya batiki. Mtu anayeghushi atakufungia mandala nzuri, yaani mchoro wa miduara, atailoweka kwenye chai ili izeeke, lakini chai huzeesha kote sawasawa. Spika haizeeshi sawasawa.

Jambo jingine: Pollock aliendelea na kazi. Alihamia pwani ya British Columbia, Kanada, na kufunga mandala za kutundika ukutani kwa miongo kadhaa. Hizo ni kazi halali za mkono wake, na kwa ufundi mtupu naamini mtu mwenye miaka 30 ya kufunga anafunga vizuri kuliko alipoanza. Lakini ni bidhaa nyingine. Muuzaji anayekwambia kwamba "ni ya yuleyule" amekujibu swali ambalo hukumuuliza. Uliuliza kama ilisimama mbele ya spika.

Kosa kubwa linalofanyika baada ya hapo ni la upendo. Mwenye kitambaa anakiona kichafu, anakitoa kwenye ubao, anang'oa stepla, anakifua kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, anakipiga pasi, anakiweka kwenye fremu yenye kioo. Namwelewa kabisa; ndivyo mama yangu angefanya. Lakini hebu hesabu alichokiondoa: kutu, vivuli vya vumbi, mikunjo ya pembeni, ubao wenye alama za masanduku. Amebaki na batiki nzuri isiyo na shahidi. Na kama rangi ilikuwa ya zile za dukani, maji yenyewe yanaweza kuvujisha nyekundu kwenye njano kwa mara ya pili, safari hii bila picha yoyote ya kulinganisha.

Makumbusho hufanya kinyume. Nguo za aina hii huonyeshwa kwa mwanga hafifu, kiwango kinachotajwa mara nyingi ni laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), mwanga ambao wewe na mimi tungeuita giza la jioni, na hazionyeshwi mwaka mzima. Vumbi huondolewa kwa kifyonza cha nguvu ndogo kupitia wavu, siyo kwa maji. Kitambaa kilichokwisha kutolewa kwenye ubao huviringishwa kwenye bomba pana lililofunikwa karatasi isiyo na asidi, wala hakikunjwi, kwa sababu pamba iliyochoka hukatikia kwenye mkunjo.

Kuhusu ubao, wakusanyaji hawaelewani. Wapo wanaotaka kitambaa kitolewe kwa sababu mbao za bei nafuu hutoa asidi inayokula pamba polepole, na hoja hiyo ni ya kweli. Mimi ningeuacha, nikaweka kizuizi chembamba kati ya ubao na kitambaa pale panapowezekana, na kukubali kwamba kitaishi miaka michache pungufu. Kitambaa kilichotolewa kinaanza kuitwa mchoro, na mchoro una katikati na una mbele. Hiki kilikuwa na nyuma.

Nyuma hiyo ndiyo ningeomba kuiona kabla ya kitu kingine chochote. Ukiwa na ruhusa ya mwenye mali, geuza ubao, uinue ukingo uliokunjwa na kupigiliwa, sentimita tatu au nne tu, kwa kidole kisafi. Ukingo huo haukuwahi kuonana na taa ya jukwaani wala jua la Oregon. Kama kitambaa ni cha kweli, kutakuwa na mstari mnyoofu pale ubao ulipoishia: upande mmoja buluu ya maji ya kufulia, upande wa pili buluu nzito kama siku ile ilipofunguliwa uzi.